Makokha Aliimba Beti Zote

Makokha aliuza kabeji sokoni Voi. Alizipokea alfajiri kutoka Werugha, zikiwa bado na umande. Hakuandika jina la mteja hata mmoja. Anayetaka kubwa, anayetaka ndogo, anayekopa na asiyekopesheka, wote aliwajua kwa kichwa.

"Kichwa chako ni bohari," mkewe Kavetsa alimtania.

Waliishi Mraru na binti yao, Elsie. Jumapili Makokha aliongoza kwaya kanisani.

Siku moja alipita chini ya ghorofa iliyokuwa ikijengwa karibu na soko. Hapakuwa na ua, wala wavu, wala kibao cha kuonya watu. Ubao ulianguka kutoka juu ukampiga kichwani. Akazirai palepale.

Mkandarasi wa jengo, Bwana Muli, alikuja hospitalini na matunda. Alilipa bili pia. Makokha aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Muli akatoa mbuzi wa ibada ya shukrani. Na siku hiyo, jamani, Makokha alisimama mbele ya kanisa akaimba. Aliimba beti zote, bila kitabu, bila kukosea. Watu walilia. Kavetsa akashika kipaza sauti akashuhudia, "Mungu amemponya kabisa!"

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Makokha aliwasha jiko akalisahau. Alikuwa mtu mpole, lakini sasa alimfokea Elsie kwa sababu ya kijiko. Kisha alienda dukani, duka linaloonekana kutoka mlangoni kwao. Alipatikana mbali, kando ya barabara ya Taveta, akilia.

"Sijui kwetu ni wapi," alisema.

Kavetsa aliogopa sana. Aliogopa pia kumwambia mtu, maana alikwisha kushuhudia.

Ndipo Muli alipokuja na karatasi. "Mama Elsie, weka sahihi hapa tu. Inasema mzee amepona, na hamna dai lingine. Nitapita kesho kuichukua."

"Na nisipoweka?"

"Bili nimelipa, mbuzi mmekula. Msinipe shukrani ya punda."

Jioni hiyo Kavetsa alimwendea jirani yake, Nduku. Nduku alikuwa amesomea kazi ya msaidizi wa kisheria. Aliwaelekeza wanakijiji kuhusu haki zao.

"Usiweke sahihi," Nduku alisema. "Ukiiweka, itakuwa vigumu sana kudai baadaye. Makokha ako aje kweli?"

Kavetsa akalia, akasema yote. Kisha akauliza jambo lililokuwa likimchoma. "Lakini nilisimama kanisani, Nduku. Nikidai sasa, si nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo?"

"Mungu hakuacha kuweka wavu. Muli ndiye aliacha. Kujenga juu ya njia ya watu bila kuwakinga ni uzembe. Anayeumizwa kwa uzembe ana haki ya kudai fidia."

"Na ile bili alilipa?"

"Alilipa ya juzi. Matibabu ya kesho nani atalipa? Sheria inatoa miaka mitatu kupeleka kesi kama hii kortini. Lakini usikae. Mashahidi huhama, na jengo likiisha nani atajua halikuwa na ua? Kwanza twende kwa daktari."

Kavetsa alimrudishia Muli karatasi yake bila sahihi.

Hospitalini, Makokha alipigwa picha za ndani ya kichwa. Daktari Priscilla aliziwasha kwenye kioo. Kavetsa alikuwa hajawahi kuona ubongo wa mtu. Ulikuwa na mikunjo na mabonde, mweupe hapa, mweusi pale. Mumewe wote alikuwa mle, mzaha wake, wateja wake, njia ya kwao.

"Hapa mbele ndipo palipoumia," daktari alisema. "Hapa ndipo mtu hupangia mambo na kutuliza hasira."

"Lakini aliimba, daktari. Beti zote!"

"Nyimbo alizoimba tangu utotoni zimekaa sehemu nyingine. Huko hakukuguswa. Mtu anaweza kuimba vizuri na asijue njia ya nyumbani."

"Maajabu," Kavetsa alisema polepole. Moyo wake ukatulia. Hakuwa amedanganya kanisani. Alikuwa ameona kipande tu.

Nduku alimpeleka kwenye ofisi inayosaidia watu wasioweza kumlipa wakili. Wakili alikusanya ripoti ya polisi, ripoti ya daktari na picha za jengo. Kwa kuwa Makokha hakuweza kusimamia mambo yake, Kavetsa alishtaki kwa niaba yake.

Kesi ilichukua muda mrefu. Fundi Kitheka, aliyefanya kazi kwenye jengo lile, alitoa ushahidi. "Tulimwomba Bwana Muli wavu. Akasema utachelewesha kazi."

Wakili wa Muli akaonyesha video ya ile ibada. Sauti ya Makokha ikajaa mahakamani. "Huyu ni mgonjwa?" wakili aliuliza.

Daktari akaeleza tena, akionyesha zile picha. Hakimu aliondoa miwani. Alizitazama picha, kisha akamtazama Makokha kwa muda.

Siku ya hukumu, hakimu alisema Muli alikuwa mzembe. Akamwamuru alipe fidia kwa matibabu, kwa malezi na kwa kazi ambayo Makokha hawezi tena kuifanya.

Fidia haikurudisha kichwa cha zamani. Hakuna fidia inayoweza. Lakini sasa kuna mtaalamu anayekuja nyumbani kumfundisha Makokha. Hutembea naye njia moja kila siku na kumwonyesha alama: lango la buluu, tangi la maji, kisha duka. Hasira nazo zimepungua.

Juzi Kavetsa alimtuma sukari, peke yake. Kisha akasimama mlangoni na Elsie. Makokha alifika kwenye lango la buluu, akasita. Elsie alitaka kukimbia amfuate.

"Mwache," mama yake alisema.

Makokha akaendelea. Akapotea machoni mwao nyuma ya tangi. Walingoja. Kisha wakamwona akirudi, akitembea taratibu, akiitazama nyumba yake.

Alikuwa ameleta chumvi. Kavetsa aliipokea kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani, Baba Elsie," alisema.