Ukurasa Ambao Elphas Alisahau Kuuficha

"Elphas, Beldina ni nani?"

Swali la simu lilimkuta ghalani Batha, Riyadh, amekumbatia katoni ya sabuni. Priscah hakusalimia, na Priscah si mtu wa kukosa kusalimia.

"Beldina yupi, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Jibu."

Priscah alikuwa jikoni kwa madam wake, Al-Nuzha, Jeddah, wali ukiwa motoni. Walijuana Nairobi mwaka 2014, kwenye foleni ya vipimo vya afya vya safari, kisha kila mmoja akapelekwa mji wake. Kilichowashikanisha miaka miwili ni mchezo. Elphas alifundishwa na Mfilipino wa pale ghalani: mmoja anasimulia kisa, wengine wanajifanya watu wa ndani yake, na dadu inaamua kama watafaulu au wataanguka. Kila Ijumaa mchana, familia ya madam ikienda kwa bibi yao, Wakenya wanne, Monicah akiwa mmoja wao, walicheza kwa kutumiana sauti kwenye grupu. Priscah alikuwa Kadogo, mwizi wa funguo.

Elphas, mpenda mipango, aliandaa kila kitu kwenye programu ya kompyuta. Ramani, maadui, siri. Kurasa nyingine ni za wachezaji, nyingine ni zake peke yake. Wiki hiyo alimtumia Priscah linki aone ramani ya mji mpya, akasahau kuuficha ukurasa mmoja.

"Nikusomee?" Priscah alisema. "'Ijumaa hii Kadogo aondoke, asirudi tena. Beldina achukue nafasi yake.' Ni mkono wako huu ama wa nani?"

"Ni wangu, lakini..."

"Na unajua leo madam anataka jibu."

Alijua sana. Walikuwa wamekubaliana Priscah asiongeze mkataba wa miaka miwili mingine. Arudi nyumbani mwezi wa saba, yeye amfuate wa nane.

"Akiingia baada ya Alasiri namwambia naongeza. Wewe baki na Beldina wako."

Simu ikakatwa. Elphas akapiga mara tatu bila kujibiwa, ndipo akaandika:

"Beldina ni mpishi wa hosteli ya Monicah. Ana miaka 52. Monicah amemleta ajifunze mchezo."

Jibu likaja haraka. "Sawa. Na Kadogo mnamtupa wapi?"

Elphas, mtu anayepanga mpaka zimwi litakula nini asubuhi, aliiweka katoni chini. Aliketi juu ya katoni. Siri aliyoitunza miezi mitatu ilikuwa kwenye ukurasa wa pili, huo aliokuwa ameuficha vizuri. Aliogopa kuufungua, na aliogopa zaidi Alasiri ifike. Akaufungua.

"Soma ukurasa unaofuata," akaandika. "Nilitaka uusikie Ijumaa, lakini Ijumaa ni mbali."

Priscah akasoma akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Kadogo anafika mlango wa mwisho. Akitaka kurusha dadu, mkatalie. Simamisha kisa. Muulize Priscah, si Kadogo, kama atakubali nimuoe. Usilete mzaha hata ukiogopa. Akikubali, Kadogo hachezi tena, kwa sababu Priscah anahamia upande wangu tupange pamoja. Apewe kurasa zote. Beldina akae kwenye kiti chake. Akikataa:"

Hapo hapakuwa na kitu.

Alipiga mwenyewe.

"Mbona kwa 'akikataa' hujaandika?"

"Nimejaribu. Kila nikianza nafunga kompyuta."

Machozi yalimtoka Priscah na hakuyafuta.

"Aki Elphas. Nimeunguza wali wa watu kwa sababu yako."

Harufu ilimleta madam jikoni kabla hajaitwa. Akatazama sufuria, akamtazama Priscah, akauliza kwa Kiarabu kama anaongeza ile miaka miwili. Elphas alisikia yote simuni.

"Halas, madam, basi," Priscah alisema. "Mwezi wa saba naenda nyumbani. Naolewa."

Madam akafungua dirisha moshi utoke.

"Mabruk," akasema, yaani hongera, na kumwonyesha sufuria. Apike mwingine.

"Umesikia?" Priscah akanong'ona.

"Nimesikia."

"Basi Ijumaa uniulize upya mbele ya wenzetu, vile ulipanga. Nitajifanya sijui."

"Ukitaka kurusha dadu je?"

"Si umeandika unikatalie?"

Ijumaa aliuliza, na ingawa jibu alikuwa nalo, aliyasoma maneno kama mtoto wa siku ya kwanza darasani. Priscah alimngojesha dakika saba nzima, kwa makusudi. Kisha ikaingia sauti fupi:

"Kadogo amechoka kuiba funguo. Priscah amekubali."

Monicah akapiga vigelegele mpaka simu zikakwaruza. Vilipoisha, mama mmoja mgeni akauliza kwa upole:

"Sasa mimi Beldina naanzia wapi?"

Priscah akamtangulia Elphas kujibu.

"Uko mbele ya mlango, mama," Priscah alisema. "Bisha, tukufungulie."