Mlio Kati ya Mapigo Mawili

Ernesta wa Heru Juu alikuwa hodari wa jembe. Lakini msimu huu, akipandisha maharage kutoka bondeni, alipumzika mara tatu njiani. Kulala chali hakuweza tena, pumzi ilikatika.

Mumewe, Kasian, alidhani ni kifua. Alinunua dawa ya kikohozi, ikaisha bila nafuu. Mama mkwe akasema amerogwa. Ernesta alitaka tu kujua: kifua hakiumi, mbona pumzi haitoshi?

Wakapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Daktari Ghati, mwenyeji wa Mara, alimuuliza kama utotoni aliwahi kuvimba viungo. Ernesta akakumbuka. Akiwa darasa la nne aliumwa koo, halafu magoti yakavimba. Alikosa shule mwezi mzima.

Daktari akamlaza ubavu wa kushoto. Akaweka stetoskopu chini ya titi, akasikiliza. Akaisogeza hadi kwapani, akasikiliza tena.

"Unasikia nini, Daktari?"

"Mlio. Ngoja na wewe usikie. Tuanze na moyo wa mumeo."

Kasian akafungua vifungo vya shati. Ernesta akasikia: du-dap, du-dap. Kisha akasikiliza moyo wake mwenyewe. Dushshsh-dap. Kati ya mapigo mawili palikuwa na sauti kama upepo unaopenya kwenye ufa.

"Moyo una milango ndani, inaitwa valvu," Ghati alieleza. "Moyo ukisukuma damu, mlango mmojawapo unatakiwa kujifunga. Wako unavuja. Damu inarudi nyuma, ndiyo hiyo inayolia."

"Uliharibika lini?"

"Nadhani ni lile koo. Lisipotibiwa, linaweza kuleta homa inayovimbisha viungo na kuumiza moyo."

Kasian akauliza kama kila mlio ni ugonjwa. Daktari akasema hapana, wapo wenye mlio na moyo mzima. Kwa hiyo akawaandikia barua ya kwenda Kasulu mjini kupiga picha ya moyo.

Picha ilionyesha kweli valvu inavuja. Ernesta akaanza vidonge, na sindano kila baada ya wiki nne, ya kuzuia homa ile isirudi. Hajakosa hata moja. Sasa analala vizuri, na mizigo mizito anaibeba Kasian.

Juzi binti yao, Esteri, aliamka koo linamuuma. Ernesta akampeleka kituoni papo hapo. Nesi akauliza limeanza lini.

"Leo asubuhi," Ernesta akajibu.