Kasha Jeusi Dirishani

Walikutana mlangoni mwa lifti saa sita mchana, watu wakisukumana. Kijana wa maabara ya seli alikuwa na kikombe cha chai. Binti mwenye blauzi ya njano na kasha jeusi mkononi akamkwepa kwa hasira.

"Kaka, ukinimwagia hiyo chai utanitambua! Humu mna vihisio vya kupima oksijeni. Nimevichonga kwa leza miezi minne."

"Mbona kasha lenyewe jepesi hivyo?"

"Kimoja hakifiki unene wa unywele. Kinawaka pembeni ya seli. Oksijeni ikizidi, mwanga unafifia. Ila jua kali linaviua."

Kumbe kasha lilikuwa linapelekwa maabarani kwake. Haukupita mwezi wakawa wanaitana "fundi wangu" na "bwana seli", na mama wa kijana ameshachukua namba ya binti.

Kosa lilitokana na majigambo. Mchana mmoja kijana alimpigia mama yake simu ya video, akalifungua kasha kando ya dirisha. "Mama, ona kazi ya mkweo!" Wakapiga soga nusu saa, jua likiingia. Vihisio vikafifia, na seli zilizokuwa zikikosa hewa zikaonekana zinapumua vizuri. Majaribio yakaharibika. Mkuu wa maabara akasema mbele ya wote kwamba kazi ya leza ilikuwa mbovu.

Binti aliinamisha kichwa. Kijana alitazama viatu vyake. Kwa wiki tatu alinyamaza, huku mpenzi wake akiikagua mikono yake mwenyewe kama ya mtu asiyemwamini. Aibu ilimla.

Siku alipomwona koridoni na bahasha, alidhani binti anaacha kazi.

"Usiipeleke! Mikono yako haina kosa. Ni mimi. Nilivianika juani nikijidai kwa mama. Niliogopa kusema."

Binti hakushtuka. "Mama yako alinipigia juzi. Akasifia vidude vyangu vilivyokuwa vinametameta dirishani."

"Ulijua? Sasa hiyo barua..."

"Si ya kazi. Ni yako, ya kuachana. Siku mbili nzima nakusubiri useme."

Machozi yalimtoka kijana. "Nipe. Nimestahili."

"Kwanza twende kwa mkuu. Ukayaseme hayo hayo, wote wakisikia."

Aliyasema yote. Walipotoka, binti aliikunja bahasha akaitia mkobani. Hakuichana.

"Siku ukininyamazia tena, utaisoma," alisema. Kisha akamkabidhi kasha jipya. "Haya, bwana seli, beba."

Kijana alilishika kwa mikono miwili, akapita upande wa korido usio na madirisha.