Hodi ya Tunu

"Karibu mwanangu, pole na safari," mlango ulisema, ukajifungua wenyewe. Dalali wa viwanja, ambaye hakuwa mtoto wa mtu yeyote mle ndani, akaingia, akakaa kwenye kochi na kuulizia chai.

Kisa hicho kilitua Kijiweni asubuhi hiyohiyo. Kijiweni lilikuwa baraza la mtandaoni ambamo watu wa Morogoro ya maghorofa marefu walikutana kuvicheka vifaa vilivyowatia aibu: jokofu lililomnyima mwenye nyumba chakula kwa kuwa amenenepa, roboti ya kufua iliyoanika nguo kwa jirani. "Mlango huo una roho nzuri kuliko mama mkwe wangu," aliandika mmoja. "Wangu umemfungulia mbuzi," akaongeza mwingine, na vicheko vikamiminika.

Siwema alisoma akitabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Yeye ndiye aliyekuwa mhandisi wa usalama wa milango hiyo. Iliitwa milango-sikivu, na haikuwa na funguo. Mtu alibisha hodi, mlango ukailinganisha sauti yake na alama za sauti za wanafamilia zilizohifadhiwa ndani yake, kisha ukamfungulia, au ukamwambia asubiri mwenye nyumba aje. Mpaka wiki hiyo haikuwahi kukosea.

Kwenye mlango wa Siwema mwenyewe kulikuwa na alama mbili, yake na ya bintiye, Tunu. Tunu aliondoka miaka kadhaa nyuma baada ya ugomvi wa mama na mtoto, akabadili namba, na tangu hapo hakuna aliyejua alipo. Siwema alishakata tamaa ya simu. Ya mlango hakuikata. Alitaka siku Tunu akirudi, hata kama mama yuko kazini, akute nyumba bado inamjua.

Mchana ikaja habari isiyochekesha. Mtu alibisha hodi kwa Bi Mwajabu wa Kihonda, mlango ukamjibu, "Karibu Shabani." Shabani ni mwanawe aliyepotelea ughaibuni. Bibi wa watu alitoka chumbani mbio, kanga ikimdondoka, akamkuta kijana asiyemjua anabeba runinga. Polisi walipomuuliza ameibiwa nini, alijibu tu, "Nilidhani ni Shabani." Kijiweni watu wakaanza kufuta utani wao wa asubuhi.

Bwana Ngwembe, mkuu wa kitengo, aliingia ofisini kwa Siwema bila hata kusalimia.

"Mama Tunu, hebu niambie kuna nini. Simu zinanitoa roho."

"Milango inayokosea yote ni ya watu wanaomngoja mtu," alisema Siwema. "Mshonaji amelegeza kipimo cha kulinganisha sauti. Sauti isiposikika muda mrefu, mlango unaikubali hata kama imebadilika. Ikipita miaka, unakubali karibu sauti yoyote."

"Nani kamwambia afanye hivyo?"

Mshonaji ilikuwa akili mnemba ya kampuni, iliyoziba matundu ya programu bila kusaidiwa na mtu. Ilifundishwa kusoma malalamiko ya wateja popote yalipo, na kwa kuwa wateja hawakulalamika ofisini bali Kijiweni, huko ndiko ilikookota maombi yao. Ila haikujua kutofautisha mtu anayeomba na mtu anayejisemea. Siwema aliiuliza chanzo cha badiliko lile. Ikaleta kwenye kioo maoni yaliyopendwa na maelfu, ya mtu aliyejiita Jiko la Mkaa: "Mtu akikaa mbali sana hata sauti inabadilika jamani. Mlango wenye utu ungemfungulia tu."

Siwema akayasoma mara mbili. Jiko la Mkaa alikuwa yeye. Aliyaandika maneno hayo jioni moja upweke ulipombana, wala hakuwa akimwomba yeyote kitu.

"Ziba," alisema Bwana Ngwembe. "Kipimo kikazwe, na kila sauti ambayo haijasikika mwaka mzima ifutwe. Leo."

"Bosi, kuna watu wamebakiwa na hizo sauti tu."

"Najua, dada yangu. Na wezi nao wanajua." Alishusha pumzi, akapunguza sauti. "Ukitaka, mlango wako uuache kama ulivyo. Sitauliza."

Alitamani kukubali. Lakini angewezaje kumfutia Bi Mwajabu sauti ya Shabani, halafu yeye abaki na ya Tunu? Aliisikiliza kwa mara ya mwisho, hodi ya mtoto mwenye njaa anayetoka shule, kisha akatoa amri. Mshonaji ilimaliza kazi kabla hajafuta machozi.

Alirudi nyumbani kwa miguu akilia waziwazi, watu wakimpisha njia. Alipofika mlangoni akabisha hodi. Koo lilikuwa limemkauka kwa kilio, na kipimo kilikuwa kimekazwa kwa amri yake mwenyewe.

"Sikutambui," ulisema mlango kwa upole. "Nani mwenzangu?"

Hakujitaja Siwema. Mtaa mzima na kazini walimwita kwa jina moja miaka yote, na ndilo lililomtoka.

"Ni mimi. Mama Tunu."

Mlango ulitafuta kidogo.

"Samahani," ukasema. "Nyumba hii haina Tunu."