Ubao wa Kocha Wendell

Kila Jumatatu na Jumatano, jua la Doha likishapoa kidogo, watoto wa darasa la sita na la saba walibaki shuleni Muaither kwa mazoezi. Jeptoo, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyetangulia wenzake uwanjani siku zote. Hata hivyo hakuwahi kumtangulia Kocha Wendell. Kocha alikuwa keshafika, kofia kichwani, ubao mdogo wa plastiki mkononi, akiandika mambo yake kwenye karatasi zilizobanwa juu yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, ila hapa hawakuangushana. Kila mchezaji alifunga vitambaa viwili kiunoni, na mpinzani akikunyang'anya kimoja, basi umesimama. Mtu mkubwa katika mchezo huo ni mrushaji. Yeye ndiye anayepokea mpira kwanza na kuamua, kufumba na kufumbua, amrushie nani. Kocha Wendell, Mmarekani mrefu mwenye mvi za mapema, aliifanya kazi hiyo kwao kwa miaka sita, tena ya kulipwa. Ndivyo Mwalimu Roselyne, mwalimu wa michezo, alivyomtambulisha mwanzoni mwa muhula, na Jeptoo akaenda nyumbani akitangaza kwamba wanafundishwa na nyota.

Hiyo ilikuwa kabla ya kuwekwa akiba.

Siku ya kugawa nafasi, kocha alisema kwamba Olivia, binti wa Kiganda aliyeishi Al Thumama, ndiye atakayerusha katika mechi yao dhidi ya shule moja ya Lusail. Jeptoo angekuwa mrushaji wa akiba. Kisha akamkabidhi ule ubao na kumwambia atazame wachezaji wa upande wa pili, aandike atakachokiona. Jeptoo aliushika kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani anayelia. Yeye aliyerusha mbali kuliko Olivia, leo awe karani?

Tangu hapo akaanza kumchunguza kocha. Mtu akishaingiwa na kinyongo, macho hayakosi kazi. Aligundua kwamba kwa wiki saba kocha hakuwa amerusha mpira hata mara moja. Alieleza kwa maneno, alichora kwa kalamu, alimwonyesha Olivia pa kuweka mguu, lakini mpira ukidondoka karibu naye aliuokota kwa mkono wa kushoto na kumpa mtoto yeyote aliyekuwa jirani. Akiulizwa habari za enzi zake, alitabasamu na kusema warudi kazini. Seremala gani huyu asiyeshika msumeno? Dalili ya mvua ni mawingu, na mbele ya Jeptoo mawingu yalikuwa yametanda.

Ijumaa, siku ya mapumziko, alimwomba baba yake kompyuta, akidai ana kazi ya shule. Baba yake, Kiprono, alitunza mitambo ya kompyuta katika ofisi moja mjini, na nyumbani hakuwa na neno mradi mtu asiguse nyaya zake. Jeptoo akaandika jina la kocha. Ukurasa ukafunguka. Misimu: sita. Mechi alizoingia uwanjani: moja. Mipira aliyorusha: tisa.

Akasoma tena. Tisa. Yeye mwenyewe alirusha zaidi ya hiyo kabla hata mazoezi hayajaanza sawasawa. Chini palikuwa na picha ya Wendell kijana, amesimama pembeni mwa uwanja kati ya makocha, kofia kichwani. Wenzake nyuma yake walikuwa wamejaa matope, lakini nguo zake yeye zilikuwa safi kana kwamba zimetoka kupigwa pasi. Na mkononi alishika ubao.

Jeptoo aliona furaha, ile furaha mbaya ya kumkamata mtu. Akatoa nakala kwenye printa ya baba.

Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule Doha, alimwonyesha Collins, aliyeketi naye dawati moja. Collins aliigeuza picha huku na huku.

"Huyu msee ni feki," alinong'ona. "Alikuwa karani wa timu, wakampa tu jezi avae."

Jeptoo alimwachia picha. Collins akaipiga kwa simu ya baba yake, akaituma kwenye kundi la wazazi, na kufikia Jumatatu asubuhi ilikuwa kwenye simu za wazazi karibu wote. Ulimi hauna mfupa. Picha iliondoka kwa Collins ikiwa ya karani, ikafika kwa wazazi ikiwa ya tapeli asiye na vyeti. Mama mmoja aliuliza nani aliyemruhusu mtu asiyejulikana kuwapeleka watoto Lusail. Baba mwingine alidai kwamba hata jina huenda si lake.

Jumatatu hiyo hapakuwa na mazoezi. Mwalimu Roselyne aliwaambia watoto kwamba kocha ataitwa mbele ya wazazi Jumatano. Wasiporidhika, ataondoka, na mechi ya Lusail haitachezwa. Olivia alilia. Jeptoo alitazama viatu vyake.

Jioni mama yake, Milka, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alirudi kutoka kazini na kukuta kwenye printa nakala nyingine, iliyofifia, ambayo Jeptoo alisahau kuitupa. Akaiweka mezani kando ya bakuli la sukuma wiki.

"Picha hii inazunguka kwenye simu yangu tangu asubuhi," alisema. "Imefikaje kwenye printa yetu?"

Jeptoo akasema labda ni baba. Kiprono aliinua kichwa kutoka kwenye ugali, akamtazama binti yake, akarudi kwenye ugali. Jicho lile lilichoma kuliko kiboko. Jeptoo akasema yote.

Mama hakufoka. Alitaka kujua jambo moja tu, kama alikuwa amemuuliza kocha mwenyewe. Jeptoo akakiri kwamba hakumuuliza.

"Basi Jumatano tutakwenda wote," mama akasema. "Utasikia jibu pamoja na hao uliowapa swali."

Jumatano wazazi walijaa maktaba ya shule, wengi mikono imekunjwa kifuani. Kocha Wendell aliingia bila kofia, ubao kwapani, akazungumza kwa Kiingereza chake cha polepole. Alisema picha ni ya kweli na hesabu pia ni ya kweli. Katika mchezo ule timu huwa na warushaji wawili au watatu, na kwa kawaida mmoja tu ndiye anayeingia. Wengine huvaa kofia na kusimama pembeni na ubao wenye mipango ya siku hiyo. Huwatazama mabeki wanavyosogea, na mwenzao akitoka kupumua, humwambia alichokosa kukiona. Miaka sita alijifunza kila mpango wa kila mechi, karibu mechi mia, kana kwamba yeye ndiye atakayeingia. Aliingia moja, mwaka wa sita. Alipourusha mpira wa tisa aliangukiwa na watu wawili, bega la kulia likavunjika, na mkono ule haukurusha tena.

"Sikumwambia mtu hapa kwamba nilikuwa nyota," alimalizia. "Nilisema nilikuwa mrushaji. Hiyo nyota sijui ilitoka wapi."

Jeptoo alijua. Nyota ilitoka kinywani mwake, na tapeli naye alitokea hapo hapo.

Mzazi mmoja akauliza nani aliyeanza kuisambaza picha. Macho yakamgeukia baba yake Collins, maana ilijulikana kwamba ilitoka kwenye simu yake. Mzee wa watu akainamisha kichwa kwa aibu. Jeptoo aliona kwamba akinyamaza, mambo yataishia pale pale na yeye hatatajwa. Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Niliitoa picha nikampa Collins. Kocha aliniweka akiba, nikakasirika, nikaanza kuhesabu wiki ambazo harushi mpira. Sikumuuliza chochote. Kocha, nisamehe."

Jeptoo alikuwa na hakika kwamba anafukuzwa kwenye timu.

"Umehesabu wiki ngapi ambazo sijarusha mpira?" kocha akauliza.

"Saba."

"Wenzako hawakuona. Ndiyo maana ubao nilikupa wewe. Macho unayo, ila uliyaelekeza kwangu badala ya uwanjani." Akauweka ubao mezani mbele yake.

Wazazi walikubaliana abaki. Yule baba aliyetilia shaka jina ndiye aliyetangulia kumwendea. Alinyoosha mkono wa kulia, akakumbuka bega, akabaki hajui aupeleke wapi, mpaka kocha mwenyewe alipoupokea akicheka.

Huko Lusail, Jeptoo hakuingia uwanjani hata dakika moja. Alisimama pembeni, kofia kichwani, akitazama na kuandika. Kabla ya mapumziko aliona kwamba beki mmoja mrefu wa wapinzani alikimbilia kulia kila mara kabla mpira haujarushwa. Akamwonyesha Olivia karatasi. Kipindi cha pili Olivia alirusha kushoto mara mbili, palipoachwa wazi, na mara zote mbili wakapata pointi. Walishinda, na Olivia alikuja kumkumbatia Jeptoo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Njiani kurudi Muaither, baba alisema kwamba wazee hawakukosea, akiba haiozi. Mama, aliyekuwa ameketi mbele, aligeuka nyuma.

"Kushuku si dhambi, mwanangu. Mimi kazini nikiishuku dawa, siitoi. Lakini namuuliza daktari aliyeiandika, siendi wodini kuwauliza wagonjwa. Jina la mtu ukilichafua kwa siku moja, kulisafisha huchukua siku nyingi, na mara nyingine halisafishiki. Ukiwa na shaka na mtu, anza na mwenyewe."

Kesho yake picha ya timu iliwafikia ndugu zao Eldoret, Kenya, na binamu yake Kiptoo akapiga simu. Alikuwa ameitazama vizuri. Kila mtu ana vumbi hadi magotini, alisema, isipokuwa Jeptoo. Nguo safi, kofia, na ubao mkononi.

"Sema kweli," Kiptoo alisema. "Wewe ni mchezaji, au ni karani wao?"

Jeptoo alimtazama mama yake. Mama akajifanya anakunja nguo.

"Umefanya vizuri kuniuliza mimi," Jeptoo akasema. "Keti, nikueleze."