Sauti ya Tano

Kidonge cha asubuhi ile kilikuwa kitamu. Juvenali alikigeuza ulimini, kisha akamtazama mkewe aliyekuwa amemshikia kikombe cha maji.

"Mama Keza, hiki kina utamu."

"Watakuwa wamebadilisha kiwanda," Petronila alisema. "Meza, uji unapoa."

Akameza. Alikuwa mtu wa kumeza akiambiwa na mkewe, na balaa lote lilipitia hapo.

Juvenali alikuwa mwalimu wa kwaya katika kigango kimoja cha Kibimba, mtunzi ambaye nyimbo zake ziliimbwa mpaka Biharamulo na watu wasiomjua hata kwa sura. Kwa muda mrefu alikuwa anatembelewa. Majirani walisema ni jini, daktari akasema ni ugonjwa wa akili, naye hakubishana na yeyote, kwa kuwa mwenye kusumbuliwa alikuwa yeye. Lilikuja na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, likasimama nyuma ya bega lake la kushoto, likaimba. Nyimbo zilikuwa nzuri, tusidanganyane. Lakini kuna siku lilimpeleka pekupeku mpaka Ngara mjini, na mkewe alipomfuata stendi na binti yao Keza mgongoni, Juvenali aliuliza mtoto huyo ni wa nani.

Baada ya hapo akachagua vidonge. Jini likanyamaza, na nyimbo nazo zikanyamaza. Mkono wake ulikuwa mzito kuandika, lakini Keza alisinzia kifuani pake kila jioni, naye akasema hilo linamtosha. Nesi Esperansia alimfundisha jambo moja zaidi: likirudi usibishane nalo, muulize mtu unayemwamini. Wakaishi hivyo. Akisikia hodi huuliza, "Mama Keza, kuna mtu mlangoni?" Akiambiwa hakuna, basi hakuna.

Kisha ikatangazwa jubilei ya kanisa huko Rulenge, na kila kwaya ilitakiwa kwenda na wimbo mpya wa mtunzi wake mwenyewe. Mzee Telesfori, mwenyekiti wa kwaya, akamfuata Petronila migombani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo dawa zimemkausha mwalimu. Mpumzishe nazo kidogo, mpaka Rulenge tu. Tukirudi utampa."

"Na akizidiwa?"

"Sisi si tupo? Au sisi si ndugu zake?"

Ndugu wa namna hiyo Mungu atuepushe nao. Petronila angeweza kukataa, ila na yeye alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, na alizikumbuka zile nyimbo mpaka kooni. Akaficha dawa kwenye debe la maharage. Ndani ya kopo la dawa la mumewe akatia vidonge vya vitamini, vidogo, vyeupe, vinavyofanana.

Jini lilirudi Jumapili mchana, jua likiwaka uani na kuku wakiparua. Juvenali alisikia kwanza ile harufu ya majivu mabichi, halafu pumzi ya baridi shingoni, halafu wimbo, sauti juu ya sauti, mzuri kiasi cha kumtoa machozi, na katikati ya wimbo, kwa upole kama wa mtu anayekutakia mema, likamnong'oneza kwamba unachomeza si dawa, muulize mkeo.

Akafanya kama alivyofundishwa. Alimwita Petronila ndani, akasema kwa sauti ya chini.

"Limerudi. Linasema vidonge si vyenyewe."

"Ni vyenyewe."

"Niapie."

Petronila aliangalia mlangoni, alikokuwa anacheza mtoto. "Haki ya Mungu, baba Keza. Keza asiamke kesho kama nakudanganya."

Juvenali akashusha pumzi. Akamshika mkono. "Nisamehe. Huu ugonjwa unanifanya nikushuku mpaka wewe."

Na bado Petronila hakusema. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia.

Wimbo ulipokamilika ulikuwa na sauti tano. Wanakwaya wakacheka, wakauliza ya tano ataimba nani, maana wao walikuwa na nne kama kwaya zote. Juvenali aliiandika ubaoni huku jasho likimtoka.

Alhamisi wakaufanyia mazoezi kanisani, mvua ikipiga bati. Waliuimba vizuri mpaka Telesfori akafumba macho, wakafika mwisho, wakanyamaza, na mvua nayo ikakatika ghafla, na hapo ndipo kila mmoja aliposikia kwamba kuna anayeendelea kuimba, kutoka kwenye benchi tupu nyuma ya wanaume wa besi, sauti si ya kiume wala ya kike, na harufu ya majivu yaliyolowa ikajaa kanisa zima, na ile sauti ikatia maneno ambayo Juvenali hakuyaandika: dawa imo kwenye debe la maharage.

Hakuna aliyethubutu kugeuka. Juvenali peke yake alimgeukia mkewe, akauliza taratibu kama alivyozoea.

"Mama Keza, kuna mtu anaimba?"

Petronila alijifunika uso kwa kanga. Telesfori alitazama viatu vyake, na Juvenali akatoka peke yake.

Petronila alipofika nyumbani alimkuta mumewe amepiga magoti, mkono umezama kwenye maharage mpaka kiwiko. Alitoa kifurushi cha dawa, akakipangusa vumbi.

"Ulikuwa wimbo mmoja tu," Petronila alilia. "Ningekurudishia dawa zako."

"Nilikuwa nimeanza mwingine," Juvenali alisema. "Wa polepole, nikiwa na dawa zangu. Wa Keza. Nilitaka umalizike ndipo nikuimbie."

Petronila akakaa chini sakafuni.

"Lile jini ni baya, nalijua kuliko ninyi. Lakini halikunidanganya. Aliyenidanganya ni wewe, tena kwa uhai wa mtoto."

Hawakwenda Rulenge. Esperansia alimrudisha Juvenali kwenye dawa, akawagombeza wote bila kujali nani mzee, na baada ya majuma kadhaa nyumba ikatulia. Harufu ikaisha. Juvenali anakula chakula cha mkewe, anamjibu akisemeshwa, na Keza anasinzia kifuani pake kama zamani.

Ila kila asubuhi Petronila anapompa kidonge, hakimezi papo hapo. Anakiinua kwenye mwanga, anageuza uso kwenye bega lake la kushoto, anasubiri.

"Ni chenyewe, baba Keza," Petronila anamwambia.

Hamtazami. Anaendelea kusubiri mpaka ile harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji inyanyuke kidogo, na Petronila, akiwa na kikombe mkononi, anaisikia waziwazi sauti ya tano ikimjibu mumewe nyuma ya bega, pasipo na mtu.

"Ni chenyewe," inasema.

Hapo ndipo Juvenali anapomeza.