Papa Kanyamibwa Analala kwa Tumbo

Wewe unayesoma, ulimuona. Usiniambie hukumuona. Ulipita mbele ya nyumba yake hapa Masisi, ukageuza macho kwenye mlima kama mtu aliyepoteza mbuzi. Ulisema "pole, Papa", ukaongeza mwendo. Mimi ni jirani yake, na sisahau.

Sisahau pia zamani. Asubuhi, ukungu ungali mabondeni, Papa Kanyamibwa alikuwa anapanda mlima na bidoni tupu ya maziwa, anaita ng'ombe kwa majina. "Gaju! Gaju weee!" Gaju alijibu ng'ambo ya mlima. Watoto waliamka kwa sauti hiyo, maana maziwa yalikuwa njiani.

Halafu vita. Risasi ilivunja mguu wake bila kumuuliza jina. Waganga waliukata juu ya goti, njo akapona.

Toka hospitali, mke wake, Mama Francine, alimukalisha karibu na moto, mto chini ya paja. Kila aliyekuja kutoa pole alisema: "Ongeza mto, Mama, apumuzike."

Goma walimutengenezea protezi, ni kusema mguu wa bandia. Akauvaa, akaenda kuona ng'ombe. Goti la bandia likakunjika, akaanguka mu matope. Kesho yake, tena. Mama Francine akautundika ule mguu juu ya moto, pale tunakausha mahindi.

Ndugu yake mdogo, Ngabo, akatuma neno: "Kama kaka hapandi mlima mpaka kiangazi, nitakuja kuchukua ng'ombe." Na ng'ombe zikienda, Papa Kanyamibwa atabaki nani?

Siku ya soko akafika Honoré, muuza mawese wa Walikale. Naye mguu wake ulikatwa juu ya goti, baada ya shimo la dhahabu la Omate kumuangukia. Lakini anatembea na protezi!

— Papa, protezi yako iko wapi?

— Kule juu. Inavuta moshi.

— Heee! Mama Francine, unataka kuikula kama nyama ya moshi, na sombe?

Mama hakucheka. Honoré akatandika mkeka.

— Lala chali, Papa. Nyoosha paja.

Paja halikugusa mkeka. Lilisimama kama pembe.

— Unaona? Nyonga imezoea kujikunja. Ni ile mto. Nyonga ikijikunja, mwili inainama mbele, na goti ya bandia inakuangusha. Protezi haina kosa.

— Mimi nilimuwekea kwa upendo! Mama Francine akasema.

— Najua, Mama. Mama yangu naye alifanya vile. Kine, ule muganga wa viungo, alimukaripia mupaka akalia.

— Sasa dawa iko nini?

— Alale kwa tumbo, bila mto. Kigutu, ile paja yenye ilibaki, inyooke sawa na mwenzake. Asubuhi, muchana, magaribi. Kila siku.

Papa Kanyamibwa akawaka.

— Kwa tumbo? Njo vile watu wa bunduki walitulalisha mu barabara, mutoto wangu ananiangalia! Silali tena vile. Afazali ng'ombe ziende.

Nani kati yetu hakulalishwa vile? Wewe pia, ao baba yako.

Honoré akavua mguu wake wa bandia. Akalala kwa tumbo juu ya mkeka.

— Na miye walinilalisha vile, njia ya Pinga. Leo hakuna mwenye kunilazimisha. Mama, funga mulango kama Papa anasikia haya. Ao acha wazi, watu waone wanaume wazuri!

Papa akamuangalia sana. Halafu akashuka polepole, akalala kando yake.

— Inavuta mbele ya nyonga.

— Ivute kidogo. Ikiuma sana, pumuzika. Tuzungumuze. Unakumbuka soko ya zamani?

— Nakumbuka. Nyie wa pori mulikuwa munapanda na mawese.

— Na nyie wa milima mulitupatia fromaji, ile jibini yenu. Baba yangu alifikiri ni sabuni. Alinawa nayo!

Papa akacheka mpaka mabega yakatetemeka. Toka vita, nilikuwa sijasikia kicheko hicho.

Alilala vile kila siku. Kine wa kituo cha afya akamusaidia kunyoosha nyonga, kisha akamutuma Goma wauweke mguu sawa. Na kila soko, Honoré alimufundisha:

— Kisigino ikigusa udongo, sukuma kigutu nyuma, goti itasimama. Kupanda, mguu muzima utangulie. Kushuka, wa bandia utangulie, na fimbo. Magaribi angalia ngozi. Ukiona kidonda, usivae, enda kwa muganga.

Kiangazi, Ngabo akafika na kamba mkononi.

— Shemeji, kaka iko wapi?

— Panda umutafute, Mama Francine akamujibu.

Ngabo akapanda, akihema. Aliteremka jioni nyuma ya kaka yake. Ng'ombe zote zilibaki mlimani, na yeye ndiye aliyebebeshwa bidoni ya maziwa.

Sasa wewe. Toka hapa mpaka Walikale, kila kijiji kina mtu wa namna hii nyuma ya mlango, na wa kwenu unamjua. Enda kwake. Kama kidonda kimepona, toa mto chini ya paja. Akiona haya kulala kwa tumbo, lala kando yake. Halafu musindikize kwa kine. Usiseme kesho, kila siku anayokaa, nyonga inakauka.

Bado umekaa? Simama!